Chuma cha Kulehemia Badala ya Khanga

Jumatano, 4 Novemba 1970

Daftari arobaini na moja, hesabu za mafungu, wote wamekosa swali la tatu. Ama wao wajinga ama mimi. Leo sitaki kujua ni nani.

Saa nne, kipindi cha redio cha darasa la nne. Redio ikakoroma badala ya kusema. Mwalimu Mkuu akaipiga kofi ubavuni kama afanyavyo kila mara. Ikasema maneno mawili, ikakoroma tena. Akaondoka na darasa la saba kwenda kupalilia kahawa ya shule. Nikabaki nayo ofisini.

Nikaifungua. Skrubu nne, kisu cha kumenyea ndizi. Betri za zamani zilivuja, springi zote zimeota ukungu wa kijani. Nikazikwangua. Nilikuwa na furaha, niandike ukweli. Tangu chuoni sijaona tumbo la redio, tangu Sista wa sayansi alipokuwa akinishikisha chuma chake cha kulehemia siku za Jumamosi, wenzangu wakifua. Kisha waya mwekundu wa betri ukakatika pale ulipolehemiwa kwenye bodi. Nikabaki nao mkononi. Sasa haikoromi hata kidogo.

Alhamisi, 5 Novemba

Nimemwambia mwenyewe, asubuhi, kabla hajaiwasha. Nilidhani ukweli utanisaidia. Akasimama mbele ya walimu wote, akafunga kifungo cha koti.

"Mwalimu Adventina, hii si redio ya mumeo. Ni mali ya umma."

Wenzangu wakatazama chai yao. Leontine, aliyeniazima kisu, akatazama dirisha. Namchukia Mwalimu Mkuu. Leontine namchukia kidogo.

Ijumaa, 6 Novemba

Ameniita tena, peke yangu. Mkaguzi wa shule anakuja tarehe 27. Siku hiyo redio iwe inasema. Isiposema ataandika nihamishwe. Alitamka Biharamulo polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Nikaomba niipeleke kwa fundi Bukoba. Hapana. Mali ya umma haitoki nje ya uzio. Nikaomba fundi aje. Hapana, shule haina fungu la fundi. Aliyevunja ndiye atakayetengeneza.

Kwa hiyo wiki tatu.

Pontian ni karani Bukoba, hurudi nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri. Mimi nikienda Biharamulo ndoa itakuwa ya barua. Hilo ningelivumilia. Speciosa ndiye sitaweza. Ana miaka mitatu. Nilipomsimulia mama mkwe jioni alijibu bila kuacha kumenya: "Wewe utakwenda na kazi yako. Mtoto ni wa ukoo. Anabaki hapa nyumbani, kibanjani." Alilisema kwa upole kabisa, ndiyo maana sikulala.

Jumapili, 8 Novemba

Senene wameshuka. Mama mkwe aliniamsha kabla ya jua. Kilima chote cha nyasi nyuma ya kanisa kimejaa wanawake wameinama, magunia mabegani, umande hadi magotini. Tulichelewa Misa, na padri mwenyewe alichelewa.

Mchana tukanyonyoa mbawa na miguu. Mwanamke hukamata, hunyonyoa, hukaanga, mwanamume hula. Mwanamke hali. Badala yake mume humpa mkewe zawadi, kwa kawaida nguo. Mwaka juzi khanga, mwaka jana khanga. Jikoni nilikula watatu nimegeuzia ukuta mgongo. Watamu. Hakuna kilichonipata.

Pontian alipomaliza sahani akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeshiba: mwaka huu rangi gani? Nikasema sitaki khanga. Nataka chuma cha kulehemia. Alicheka hadi senene mmoja akampalia. Mama mkwe aliacha kunyonyoa.

Nikamweleza vizuri. Kuna vya umeme, na hapa kwetu umeme hakuna, kwa hiyo hivyo asiviguse. Kuna vya kupasha kwenye mkaa, kichwa cha shaba, mpini wa mti. Achukue kidogo kuliko vyote. Chepesi. Ncha nyembamba kama penseli iliyochongwa, kwa sababu kazi ni ya redio, na waya wa redio si mfereji wa bati. Sihitaji kikubwa. Nitakitumia mara tano kwa mwaka, sifungui karakana. Akaandika kwenye kijitabu chake. Huyu karani anaandika kila kitu.

Jumatano, 11 Novemba

Hakuna jipya. Ndizi, kahawa, mafungu. Darasa la nne wameniuliza lini redio itapona.

Jumamosi, 14 Novemba

Kimekuja. Kimefungwa gazeti na kamba ya katani, na Pontian alikibeba mbele yake kama mtu anayeleta mbuzi wa mahari.

Kichwa cha shaba kikubwa kuliko ngumi yangu. Mpini wa kushikwa kwa mikono miwili. Uzito wa mchi. Hiki ni chuma cha kulehemia mifereji ya nyumba na mapipa ya maji. Pamoja nacho fimbo ya risasi ya kuyeyusha, nene kama kidole, na chupa ya asidi aliyouziwa na fundi bati. Alikuwa na furaha. Vidogo vilikuwapo, alisema, lakini karani mzima angeonekanaje akimpa mkewe kitu cha kutia mfukoni? Tena kwa bei ileile karibu.

Alikiandika kwenye kijitabu, "kidogo kuliko vyote". Nimekiona kwa macho yangu. Aliandika akanunua kingine.

Nilipiga magoti, nikashukuru, mama yake akitazama. Ninachokichukia zaidi leo ni magoti yangu.

Jumapili, 15 Novemba

Nimejaribu. Kaka yangu aliniachia mzoga wa redio, haina spika wala betri, ila bodi nzima. Bora kufanya kosa kwenye maiti.

Jiko la mkaa nje ya mlango. Chuma kilichukua karibu saa nzima kupata moto. Nikapaka asidi, nikagusa. Moshi mchungu, Speciosa akakohoa, mama mkwe akamnyakua kana kwamba nilitaka kumchoma. Risasi ikamwagika tone kubwa kama punje ya mahindi, ikafunika viungo vitano kwa mara moja. Nilipoinua chuma, mistari ya shaba ya bodi ikabanduka ikafuatana nacho. Imevuliwa kama ganda la ndizi iliyochemshwa.

Pontian aliangalia akiwa kwenye kiti. "Si kimeshika?" Nikaingia ndani nisije nikasema.

Jumanne, 17 Novemba

Kile kiungo kimoja kilichoshika Jumapili leo kimegeuka kijani. Nikakigusa kwa ukucha, waya ukakatika kama uzi uliooza. Ni asidi. Sista alisema mara mia: asidi ni ya bati, kwenye redio hula waya taratibu hata baada ya wewe kwenda kulala. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa na hasira na Pontian nikasahau nililokuwa nalijua. Mjinga mimi. Kama ningekuwa nimegusa redio ya shule ningeshafunga sanduku.

Nimeamua: kinarudi Bukoba, kibadilishwe.

Nikamwambia mama mkwe. Akaweka kisu chini. "Zawadi ya senene hairudishwi, Mama Spesi. Anayeirudisha ni mwanamke anayeondoka." Nikamjibu kwamba nikikibakiza ndipo nitakapoondoka, kwenda Biharamulo. Akachukua kisu, akaendelea kumenya. Tumekula, yeye na mimi na mtoto anayeimba.

Alhamisi, 19 Novemba

Kila asubuhi mstarini, mbele ya watoto mia mbili: "Na fundi wetu anaendeleaje?" Watoto hucheka kwa sababu yeye anacheka. Leo aliongeza kwamba taifa haliwezi kujengwa na mikono inayofungua isichoweza kufunga. Alilipenda neno lake. Alilirudia ofisini.

Nimeota nikimlehemu kinywa. Kwa kile chuma kikubwa.

Jumamosi, 21 Novemba. Kahororo, kwa shangazi

Nimeondoka na basi la kwanza bila ruhusa ya mtu. Chuma mapajani, kimefungwa gazeti lake lilelile. Najua Pontian alikuwa kwenye basi la kurudi. Karibu na njia panda tulipishana na basi hilo, vumbi tupu, sikuona uso wa mtu. Nilifurahi.

Mjini Bukoba, kwanza duka la vifaa vya umeme. Nikakiona. Chembamba, mpini wa plastiki mwekundu, wati ishirini na tano, ncha kama ya kalamu ya wino. Kile cha Sista hasa. Nikakishika. Mkono ulikikumbuka. Cha wati mia moja kilikuwa kando yake, kinene, na mwuza duka alikisifia hicho kwa sababu ni ghali, nikamwambia hicho ni cha kuunguza bodi kwa haraka. Akaniheshimu kidogo. Kisha akauliza: huko kwenu, Mwalimu, kuna umeme? Nikakirudisha kwenye boksi. Nimeumia kama nimeachwa na mchumba.

Lakini sikutoka mikono mitupu. Anauza risasi nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, ndani yake umo utomvu unaosafisha waya badala ya asidi. Nimenunua pima moja.

Kisha kwa mafundi bati, nyuma ya soko. Mzee Sefu ndiye aliyemwuzia Pontian. Babu yake alitoka pwani, yeye mwenyewe anasema Kihaya kizuri kuliko changu. Amefunga, kiu imemkausha midomo, na kuna foleni ya ndoo na taa za watu wanaojiandaa na Idi. Nikamwamkia. Marahaba ilitoka kama mate. Nikafungua gazeti, nikasema nataka kidogo.

"Mumeo nilimwonyesha kidogo. Akakikataa mbele ya watu. Sasa wewe unakataa kikubwa. Nyumbani kwenu nani anajua anachotaka?"

Kidogo kimeshauzwa. Hakuna kingine hadi baada ya Idi. Akanigeuzia mgongo.

Sikuondoka. Nilikuwa na hasira mno kuondoka. Nikasimama pale juani nikimkaba kwa macho. Akaletewa taa ya pampu yenye tundu dogo sana, pembeni kabisa ya kishikio. Nikawaza: sasa tuone, na michuma yako hiyo. Akachukua chuma kikubwa kama changu. Akakata waya wa shaba mnene, ule wa nguzo za umeme, akauzungusha kwenye kichwa cha chuma mara sita, akaubana kwa koleo, akaacha ncha yake ichomoze kama urefu wa kidole cha mwisho. Akaichonga kwa tupa. Akapasha moto chuma chote, na ile ncha ndogo ndiyo iliyogusa tundu. Kikubwa kinahifadhi moto, kidogo kinafanya kazi. Tundu likazibika kama halikuwapo.

Aliponiona bado nipo akaniuliza nangoja nini. Nikasema kipande cha huo waya. Akanitupia miguuni kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Nikainama nikaokota. Namchukia na yeye, na nimejifunza kwake mengi kwa nusu saa kuliko kwa mtu yeyote mwaka huu.

Jumapili, 22 Novemba

Nimerudi saa nane. Pontian amekaa mlangoni na shati la Misa. Mama yake alishamwambia kwamba nimekwenda kurudisha zawadi. Alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Nikakifungua gazeti mbele yake, chuma kikatokea. Hakuelewa. Nikamwambia sikukirudisha. Ningeweza kumwambia pia kwamba kiko sawa, kwamba nimekipatia ncha, kwamba asante. Sikumwambia. Alistahili kukaa na ule uso mpaka kesho.

Alinishikia chuma wakati naufunga ule waya wa Mzee Sefu.

Jumanne, 24 Novemba

Viungo ishirini kwenye mzoga. Kumi na moja vibaya. Ncha ikipoa risasi inakuwa ya kijivu, yenye chembechembe kama uji uliokatika. Ikiwa na moto wa kutosha inatulia na kung'aa. Nimepata kipimo: natoa chuma jikoni, nafuta kwa kitambaa kibichi, nahesabu hadi nne, nagusa, nahesabu hadi tatu, naondoa. Nikifika hadi tano bodi inaanza kunuka.

Vitano vya mwisho vyote vizuri. Mama mkwe alikuja akaangalia kimoja kwa muda mrefu. Akasema kinafanana na jicho la senene. Nadhani ilikuwa sifa.

Jumatano, 25 Novemba

Leo.

Nilibeba jiko kichwani hadi shuleni. Mwalimu Mkuu alisema atashuhudia, kwa niaba ya umma. Akasimama nyuma yangu, karibu hata nikasikia pumzi yake ya vitunguu. Chuma kilipata moto kwa dakika arobaini, na dakika zote hizo alizungumza. Kwamba mwanamke ana mahali pake katika ujenzi wa taifa. Kwamba hata Biharamulo kuna maisha. Nilikwangua ncha ya waya mwekundu kwa wembe, nikaisokota, nikaipaka risasi kwanza peke yake. Nikamwambia asogee, ananizibia mwanga. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia asogee. Akasogea.

Nne. Gusa. Moja, mbili, tatu. Ondoa.

Risasi ikatulia, duara, safi, inang'aa. Sijawahi kulehemu hivyo, hata Sista hakuwahi mbele yangu. Tukatia betri. Nikawasha. Mtu akaanza kusoma bei za pamba kwa sauti kubwa, na madarasa mawili ya jirani wakapiga makofi bila kuambiwa. Mwalimu Mkuu akapunguza sauti, akasema, "Vema." Basi, hilo tu.

Nililia njiani, jiko kichwani, nikiusingizia moshi.

Ijumaa, 27 Novemba

Mkaguzi alikuja na gari la serikali, tope hadi madirishani. Mwembamba, mpole, anaandika kwa mkono wa kushoto. Saa nne akaketi darasani kwangu kipindi kizima. Redio ilisema bila kukosea. Watoto waliimba nayo.

Baadaye ofisini akaisifu. Alisema katika shule tisa alizopita wiki hii, saba redio zao zimekufa. Mwalimu Mkuu akamjibu, nami nikiwa nimeshika birika la chai: "Na yetu ilikuwa imeharibika. Nilimwita fundi kutoka Bukoba."

Nilimimina chai. Ningeweza kusema. Leontine alinitazama akitaka niseme. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kubaki, sikutaka kusifiwa. Achukue sifa aile. Mimi nibaki na mwanangu. Nilihesabu kwamba huo ni ununuzi mzuri.

Jumamosi, 28 Novemba

Nimemsimulia Pontian. Akataka kwenda kumpiga. Nikamwambia aketi. Baadaye, jioni, nikamwambia pia kwamba kile chuma kikubwa ndicho kilichofaa mwishowe, kidogo kingepoa kabla sijahesabu hadi nne. Alifurahi kupita kiasi. Nikajuta kidogo, lakini ni kweli.

Alhamisi, 3 Desemba

Barua imefika. Bahasha ya ofisi ya elimu, jina langu limepigwa taipu sawasawa. Nahamishwa. Shule iliyo mpakani mwa Biharamulo, niripoti kabla ya muhula wa Januari.

Nilidhani wamekosea. Nikasoma tena tangu juu. Mstari wa kwanza: rejea barua ya Mwalimu Mkuu ya tarehe 5 Novemba.

Tarehe 5. Wiki tatu alizonipa, alinipa tarehe 6. Alipokuwa ananihesabia siku barua yake ilikuwa njiani. Kila asubuhi mstarini, fundi wetu anaendeleaje, na alikuwa anajua. Alitaka redio ipone na mimi niondoke. Vyote viwili amevipata.

Nilikwenda ofisini kwake nikaiweka mezani. Hakuona haya. Alisema angeweza kuandika nyingine kuifuta, lakini angemweleza nini Mkaguzi? Kwamba fundi alikuwa nani?

Mama mkwe alisikiliza yote. Kisha akamwita Speciosa, akampakata.

Ijumaa, 4 Desemba

Shule imefungwa leo. Mwalimu Mkuu alikwenda mkutanoni na baiskeli mara baada ya mstari. Ufunguo wa kabati la redio nilikuwa nao, kwa kuwa kipindi cha mwisho kilikuwa changu. Jiko la chai lilikuwa na moto bado. Nilikuwa nimekuja na chuma kikapuni, chini ya daftari. Nilijua nakuja nacho kwa nini.

Nikakipasha. Nikaifungua redio. Ilikuwa kazi ya kugusa mara moja, hesabu moja hadi mbili, waya mwekundu ungetoka kama ulivyotoka siku ile. Januari angeipiga kofi mpaka mkono umuume.

Nilikishika chuma juu yake. Kile kiungo kikawa kinaniangalia, duara, hakina hata kovu. Nilijaribu kumfikiria Mwalimu Mkuu ili hasira ije. Ikaja. Mkono haukushuka. Si kwa ajili ya watoto wala kwa ajili ya umma, nisijidanganye humu. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono hii, na sikuweza kuiharibu.

Nikafunga skrubu nne. Nikaacha ufunguo kwenye tundu lake. Leontine alikuwa anangoja getini, tukatembea pamoja hadi njia panda.

Kesho Pontian anarudi. Nitamwambia mwenyewe kabla mama yake hajamwambia. Speciosa naenda naye. Sitaomba. Amelala sasa, na mimi nimeanza kukunja nguo zake.